SHANTA MGONGONI: KWAO SHUJAA, KWETU JANGILI

Huko Marekani limeenea jambo ambalo yafaa tulijue, maana linatuhusu kuliko wengi wanavyodhani.

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapofika, maelfu ya watu wa kawaida wa nchi ile, maseremala, walimu, makarani na mafundi wa mitambo, huomba likizo ya wiki moja. Hutia ndani ya shanta hema dogo, chakula kikavu, sufuria moja na kisu. Huchukua bunduki au upinde, kisha huingia milimani kwa miguu. Hawana gari huko waendako, hawana mpishi, hawana mtumishi wa kuwatandikia kitanda. Hulala chini kwenye baridi. Hutembea mpaka mahali pasipofika barabara, wakimtafuta mnyama mmoja tu. Wakimpata, humchuna, humtoa mifupa, na nyama yote huibeba mgongoni mpaka barabarani. Mnyama wao mkubwa aitwaye elki aweza kutoa nyama kupita kilo 80, kwa hiyo mwindaji huenda na kurudi mara tatu au nne kwa mnyama mmoja, na njiani dubu wananusa damu.

Watu hawa wanasifiwa sana kwao. Wanaandikiwa vitabu. Wanapigwa picha za sinema. Viwanda vinawatengenezea mashanta, viatu na mahema mepesi kama kanga. Wenzao husema kwamba hao ndio wawindaji wa kweli, kwa kuwa nyama yao wameitolea jasho.

Nasi twasema: vema, anayetoa jasho apewe heshima yake. Lakini tunauliza swali moja tu. Mtu wa Ikoma, Mhadzabe wa Yaeda, au Mwata wa nyika ya Tsavo, ambaye baba yake na babu yake walifanya jambo lile lile, kwa mfuko wa ngozi badala ya shanta la nailoni, yeye anaitwa nani?

Anaitwa jangili.

Tendo ni moja. Jasho ni moja. Nyama inakwenda kwa watoto, kule na huku. Kwa nini basi mmoja apewe heshima na mwingine apewe pingu? Jibu letu ni hili: tofauti haimo katika uwindaji. Tofauti imo katika nani anahesabiwa kuwa mwenye nchi, na nani aliitunga sheria.

NANI ALIBEBA MZIGO?

Mzungu alipokuja kuwinda katika Afrika ya Mashariki hakubeba shanta. Shanta lake lilikuwa mgongo wetu.

Tutoe mfano ambao umeandikwa na kila mtu aweza kuusoma. Theodore Roosevelt alitoka katika urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na mwezi uliofuata alishuka Mombasa kuja kuwinda. Alifuatwa na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, vyakula vya makopo, risasi, na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi. Hata vitabu vyake alivibebesha. Vilijalidiwa kwa ngozi ya nguruwe visiharibike kwa jasho na mvua, vikatiwa katika sanduku, na sanduku hilo peke yake lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Yaani Mwafrika mzima alitembea mwezi baada ya mwezi juani, ratili 60 kichwani, ili bwana mkubwa apate kusoma chini ya mti akiwa amepumzika.

Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Vichwa na ngozi vilipelekwa katika jumba la makumbusho la Washington, na mpaka leo dunia inamwita mpenzi wa wanyama. Sasa tuulize: ni nani aliyeiona nyayo ya simba kwanza? Ni nani aliyejua maji yako wapi? Ni nani aliyebeba bunduki ya pili na kusimama karibu wakati nyati anakuja? Alikuwa mwenyeji. Bwana alirudi kwao na pembe, na mwenyeji akarudi kijijini na rupia chache na kidonda begani.

Wala mzigo haukuishia kwa wawindaji. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipopiganwa katika nchi yetu, makumi elfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kwa kuhara na kwa kuchoka, wakibeba risasi za Wazungu wanaogombana wao kwa wao. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi kile cha Waingereza kilichoitwa Carrier Corps. Kila siku watu wanauza vitunguu na vitenge hapo, wala wengi hawajui kwamba wanalitamka jina la migongo ya babu zao.

Basi mtu asije akatwambia kwamba kuingia porini na mzigo mgongoni ni mchezo uliogunduliwa juzi na watu wa milima ya Montana. Afrika imeujua mzigo huo tangu zamani. Tulichonyang'anywa si mzigo. Tulichonyang'anywa ni mnyama.

SHERIA ILIYOZALIWA ULAYA

Wapo wasemao sheria ni sheria, aliyeivunja afungwe. Nasi twaheshimu sheria. Lakini mtu mwenye akili huuliza sheria ilitoka wapi, kama vile mwenye nyumba huuliza mgeni alitoka wapi.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji katika koloni lake. Kuanzia hapo, mtu aliyezaliwa karibu na Rufiji alitakiwa kupata ruhusa ya mgeni kabla ya kumla mnyama aliyekuwa akila shamba lake. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Mei 1900, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Uhispania, Italia na wakubwa wa Kongo walikaa London wakatia sahihi mkataba juu ya wanyama wa Afrika. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Walisema nini? Walisema nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yazuiwe. Bunduki haikukatazwa.

Wananchi, tazameni ujanja huo! Wavu na shimo vilikuwa vyombo vya maskini. Bunduki ya kisasa ilikuwa chombo cha tajiri. Chombo cha maskini kikaitwa ukatili, na chombo cha tajiri kikaitwa michezo ya waungwana. Ingawa si wakubwa wote waliouthibitisha mkataba ule, mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni, moja baada ya moja. Ndipo akaja Bwana Nyama na askari wake, na neno la leseni likawa neno la kutisha katika kila kijiji kilichopakana na pori.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori kubwa la kusini jina la Selous. Alikuwa nani Selous? Alikuwa mwindaji Mwingereza aliyeua tembo wengi katika Afrika, akafa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917. Yaani katika nchi hiyo hiyo ambayo mwenyeji akiwinda huitwa mwizi, mgeni aliyewinda maisha yake yote alipewa pori zima liwe kaburi lenye jina lake. Sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, nasi tulifurahi kuliona jina la mwenyeji limewekwa mahali pa jina la mgeni. Lakini kubadili kibao si kubadili sheria.

Jirani zetu wa Kenya nao walipata yao. Wawata wa nyika walikuwa wakimwinda tembo kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu, mtu na mfuko wake, siku nyingi porini. Mwaka 1948 nchi yao ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Tsavo. Katika miaka ya 1950 yalifanywa makamata makubwa, wawindaji hodari wakapelekwa gerezani mmoja mmoja, na kazi ya vizazi vingi ikavunjwa katika miaka michache. Tena kaeni mkikumbuka: pembe zile walizikata wao, lakini waliozinunua na kutajirika hawakuwa Wawata.

WENZETU WANATUFUNZA NINI?

Hatuwasifu Wamarekani kwa kuwa ni Wamarekani. Tunaangalia jambo lao kama mkulima anavyoangalia shamba la jirani: aone mbegu nzuri aichukue, aone gugu alikatae.

Mbegu nzuri ni hii. Serikali kuu ya nchi ile inashika ardhi ya umma kiasi cha ekari milioni 640, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya magharibi iko wazi kwa mwananchi yeyote mwenye kibali cha kuwinda. Seremala hana haja ya kuwa rafiki wa waziri. Hana haja ya kulipa kampuni. Hulipa leseni, hufuata majira na hesabu ya wanyama, basi. Tangu mwaka 1937 yako mapato ya kodi ya bunduki na risasi ambayo hutumika kwa kazi ya wanyama. Kwa hiyo mwindaji mdogo akisimama mkutanoni ana haki ya kusema, "Fedha hizi ni zangu, nionyesheni zimefanya nini." Mali bila daftari huisha bila habari, nao daftari wanalo.

Tena katika jimbo la Alaska sheria yao inasema pembe za mnyama zisitolewe porini kabla ya nyama yote inayolika kutolewa. Nyama kwanza, pembe baadaye. Mwenye kuacha nyama ioze ana hatia. Tuipime sheria hiyo na mambo yetu, ambapo mgeni huja kutafuta kichwa cha kutundika ukutani, na mwenyeji aliyechukua nyama huitwa mhujumu uchumi.

Lakini magugu nayo yapo, na yanaota upesi. Mwaka 1982 wawindaji wenye leseni katika nchi ile walikuwa kiasi cha milioni 17. Tangu hapo hesabu imeshuka. Watu walihamia mijini, baba hakumfundisha mwana, na mwana akajua sinema kuliko nyayo. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, wengi walirudi porini kwa muda. Katikati ya kupungua huku, uwindaji wa shanta ndio uliozidi kupendwa, hasa na vijana. Matokeo yake yakawa ya ajabu: wawindaji wamepungua nchini, lakini bonde la mbali lililokuwa halina mtu sasa lina mahema. Picha za mahali pa siri zimetangazwa kwa kila mtu. Vibali vya majimbo ya magharibi hutolewa kwa bahati nasibu, na kwa baadhi ya wanyama mtu husubiri miaka mingi bila jina lake kutoka. Na viwanda vimemtia kijana wazo kwamba bila shanta la bei ya mshahara wa mwezi yeye si mwindaji. Hivyo jambo lililoanza kwa ajili ya mtu wa kawaida linaanza kuvaa nguo za tajiri.

Tena tajiri mwenyewe hakulala. Katika jimbo la Wyoming ardhi imegawanywa kama ubao wa drafti: mraba wa umma, mraba wa mtu binafsi, mraba wa umma, mraba wa mtu binafsi. Miraba ya umma hukutana pembeni tu, kona kwa kona. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka jimbo la Missouri walifika kwenye kona, wakaweka ngazi, wakavuka kutoka ardhi ya umma hadi ardhi ya umma, wala unyayo wao haukukanyaga udongo wa tajiri. Tajiri alisema wamepita katika hewa yake! Wakashtakiwa. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Tajiri akafungua madai ya mamilioni ya dola. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufani iliyoko Denver ikaamua kwamba wawindaji walikuwa na haki ya kuvuka. Ngazi ya watu wanne imefungua njia iliyozibwa kwa miaka mingi.

Miezi mitatu baadaye, Juni 2025, seneta mmoja wa Utah alileta shauri kwamba zaidi ya ekari milioni mbili za ardhi ya umma ziuzwe. Hapo ndipo nguvu ya shanta ilipoonekana. Wawindaji wa vyama vyote vya siasa, ambao kwa mambo mengine hawaelewani hata kidogo, walipiga kelele kwa sauti moja. Mwezi haukwisha shauri likaondolewa. Fundisho ni nini? Haki ambayo watu wanaitumia kwa miguu yao wataitetea kwa ndimi zao. Haki iliyofungiwa ofisini hufa humo humo, na hakuna anayehudhuria mazishi.

Nasi hatusahau kusema jambo ambalo Wamarekani wengi hawapendi kulisikia. Ardhi wanayoiita ya umma ilikuwa ya watu wa kwanza wa nchi ile, nayo ilichukuliwa kwa mikataba iliyovunjwa. Watu wa kabila la Crow walitia sahihi mkataba mwaka 1868 uliowaachia haki ya kuwinda. Mwaka 2014 mmoja wao alimfuata elki kwa ajili ya kitoweo, akashtakiwa kama mwizi. Ilibidi jambo hilo lifike katika Mahakama Kuu ya nchi nzima, na mwaka 2019 mahakama hiyo ikasema mkataba ule haukufa. Miaka 151! Kwa hiyo hata kule, shujaa na jangili walitengwa kwa rangi kabla ya kutengwa kwa sheria. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"WATAMALIZA WANYAMA"

Kila tukisema maneno haya, yupo mtu huinuka na kusema: mkiwaachia wenyeji, wanyama watakwisha. Maneno hayo tuliyasikia kwa mkoloni na leo tunayasikia kwa watu wengine, hata weusi wenzetu waliokalia viti vya mkoloni.

Tujibu kwa hesabu. Katika pori la Selous, mwaka 1976 walihesabiwa tembo kiasi cha 110,000. Mwaka 2013 walibaki kiasi cha 13,000. Je, tembo 97,000 wameliwa na wanakijiji wa Liwale? Walikwisha kwa sababu ya soko la pembe la nchi za nje, bunduki nzito, malori, mihuri ya uongo na watu wakubwa waliofumba macho. Mwezi Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu mfanyabiashara mmoja raia wa China miaka 15 kwa biashara ya pembe. Njia ya pembe ilipita ofisini na bandarini. Mwenye mshale hana meli.

Lakini sisi hatutaki kudanganyana. Upo uovu mwingine, nao ni wa kwetu wenyewe. Ni mtego wa waya. Mtu huiba nyaya, hutega mia moja kwa usiku mmoja, hamwoni mnyama aliyekufa, hali nyama yote, wala hachagui jike wala dume, mwenye mimba wala mchanga. Nyama nyingine huoza kwenye kitanzi. Huyo si mwindaji, wala mila zetu hazimjui. Mwindaji wa kale alimfuata mnyama mmoja kwa miguu, alijua majira ya kuzaa, na mzee wake alimwambia nani asiguswe. Mwenye waya anawaibia wanakijiji kabla hajaiibia Serikali, na kijiji kinachomficha kinajikata mguu. Tukitaka haki yetu, sisi wenyewe tuwe wa kwanza kuukata waya.

Ila tuseme pia jambo hili: waya umeenea kwa sababu upinde uliharamishwa. Ukimzuia mtu kuwinda mchana kwa jina lake, atatega usiku bila jina.

NYAMA NA NYARA

Sasa tufike kwenye kidonda. Katika nchi yetu mnyama wa porini akiuawa bila kibali, mguu wake huitwa nyara za Serikali. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 ikisomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, mtu aliyekutwa na nyama hiyo aweza kufungwa miaka isiyopungua 20. Mwaka 2023 mama mmoja alihukumiwa miaka 22 kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilimwachia huru, na tunawashukuru waheshimiwa majaji. Lakini swali letu halijaachiwa huru: ni wangapi hawana wakili, hawakuandikwa magazetini, na bado wamo ndani?

Mtu aliyeiba fedha za pamba za wakulima elfu hupata dhamana na kiti cha mbele. Mtu aliyekutwa na paja la nyumbu hupata ujana wake wote gerezani. Je, ni uchumi gani huo uliohujumiwa na chungu cha mchuzi?

Na wageni je? Mwaka 1992 haki ya kuwinda katika Loliondo ilipewa kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za huko ziliwekewa vigingi. Pakatokea vurugu, askari polisi mmoja akauawa, wafugaji wakajeruhiwa, na wengine wakakimbilia Kenya. Mwaka 2007 wageni wengine wa Falme hizo walitaka bonde la Yaeda, nchi ya Wahadzabe, watu wasiozidi elfu moja na mia chache, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa upinde, mizizi na asali. Kelele zikapigwa ndani na nje, wageni wakaondoka mwaka ule ule. Na mwaka 2011 Wahadzabe wa Mbulu wakapata hati ya kimila kwa hekta zaidi ya 20,000. Tangu wapate karatasi hiyo wameilinda misitu yao. Huo ndio ushahidi wetu. Mpe mwenyeji hati, ataulinda mti. Mnyime, ataukata kabla mwingine hajaukata.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wazee walivyosema. Lakini katika pori letu mgeni amekuja, na mwenyeji amefungwa.

Tazameni na hasara nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya fedha. Kijana wetu wa leo anamjua simba wa noti ya elfu mbili na tembo wa noti ya elfu kumi. Hajui nyayo ya pofu na nyayo ya kongoni zinatofautianaje. Hajui upepo ukigeuka afanye nini. Hajui mti gani una maji. Elimu hiyo ilikuwa chuo kikuu cha babu zake, na mlango wake ulifungwa kwa kufuli la sheria. Mgeni anaikodi elimu hiyo kwa wazee wachache waliosalia, akirudi kwao anaiandikia kitabu, na siku moja mjukuu wetu atakinunua kitabu hicho kwa dola.

TUNATAKA NINI?

Hatutaki pori ligeuzwe bucha. Anayetaka wanyama waishe si mwenzetu. Twataka mambo matano, nayo tunayasema waziwazi.

Kwanza. Mwananchi ahesabiwe kuwa wa kwanza katika uwindaji wa nchi yake. Baada ya wataalamu kuhesabu wanyama na kusema wangapi waweza kuvunwa, fungu la mwenyeji litengwe kabla ya fungu la mgeni, na leseni yake ipatikane wilayani kwa bei anayoiweza mkulima.

Pili. Kiruhusiwe kijiji kilicho jirani na pori kuchagua wawindaji wake, watu wanaojulikana kwa majina, waende kwa miguu, kwa majira na kwa hesabu, na nyama igawanywe mbele ya mkutano wa kijiji. Serikali ilikwisha kufungua mlango mwaka 2020 ilipoweka kanuni za mabucha ya nyamapori. Sasa mlango huo usiwe wa wafanyabiashara wa mjini peke yao.

Tatu. Sheria itenganishe chungu na meli. Mwenye kutafuta kitoweo apewe faini au kazi ya kijiji, na miaka 20 iachiwe wauza pembe, wanunuzi wao na watia mihuri wao.

Nne. Mgeni awindaye aache nyama yote kijijini, na iandikwe daftarini. Nyama kwanza, pembe baadaye. Tena daftari hilo, pamoja na fedha za kila kitalu, lisomwe mbele ya wanakijiji kila mwaka.

Tano. Elimu ya wazee wawindaji iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha zao, ifundishwe katika vyuo vyetu vya wanyamapori, na askari wa pori wachaguliwe kwanza katika watoto wa wawindaji. Hakuna aijuaye njia ya mwizi kuliko aliyezaliwa porini.

Watasema hili ni gumu. Tunakubali ni gumu. Kubeba mzigo mlimani ni kugumu vile vile, lakini seremala wa Missouri anaubeba kwa furaha kwa sababu anajua mwisho wa safari nyama ni yake na njia ni yake. Mtu habebi kwa furaha mzigo wa mwingine. Mkoloni alitubebesha mzigo wake miaka mingi, akatunyima mnyama. Tulipopata Uhuru tuliutua mzigo ule. Lakini mnyama hatukurudishiwa, na kazi ya kumrudisha ni yetu, katika matawi yetu, katika mikutano ya vijiji na mbele ya wabunge wetu.

Kila tawi la Chama lililo jirani na pori na lilete jambo hili katika mkutano wake ujao. Waiteni wazee wawindaji, wawaeleze. Hesabuni walio gerezani kwa ajili ya nyama ya chungu. Andikeni majina yao, myalete kwa mbunge wenu kwa mkono wenu wenyewe, na mngojee jibu mlangoni.

Nchi ni yetu, pori ni letu, na wajibu wa kulilinda ni wetu.

Uhuru na Kazi!